Nani Alikuwa Akiliwasha Tanuri Langu?

Niliingiza mkono ndani ya tanuri langu saa mbili asubuhi, nikauchomoa mbio kama nimeshikwa na mtu.

Lilikuwa la moto.

Si vuguvugu, ndugu zangu. Moto wenyewe. Moto wa matofali yaliyokunywa kuni yakashiba.

Na mimi nilikuwa sijaliwasha kwa siku saba.

Nikainama, nikamulika tochi ndani. Hapo nywele za kisogoni, zile chache nilizobakiwa nazo, zikasimama wima. Paa la ndani, ambalo miaka miwili yote nalijua jeusi tii kwa masizi, lilikuwa jeupe. Jeupe kama limepigwa chokaa.

"Mama Watoto!" nikaita. "Kuna mtu kaingia uani?"

"Aingie nani, na mlinzi ni wewe?" akajibu kutoka jikoni. "Hilo ni jua tu."

Jua. Saa mbili asubuhi. Ndani ya tanuri lenye mlango wa chuma.

Sikujiuliza alijuaje kwamba nazungumzia joto. Mimi nilikuwa nimeuliza habari ya mtu.

Ngoja kwanza mnijue, ndiyo mtaelewa kwa nini jambo hili liliniuma hadi kwenye mifupa.

Mimi ni mstaafu. Miaka thelathini na mitatu nimechochea boila la hospitali, lile lililotoa mvuke wa kufulia mashuka. Shule ya ufundi niliiona kwa nje, nikipita. Kazi nilijifunza kwa kuungua. Mtaani wananiita Mzee Boila, na nikikohoa usiku jirani huota treni.

Siku boila lile lilipong'olewa wakaleta la umeme, wenzangu waliagwa kwa zawadi ya saa za ukutani. Mimi niliomba matofali ya tumboni mwake. Yale hayapasuki hata uyachome mwaka mzima. Nikayabeba nyumbani, nikajenga tanuri la piza uani, lenye kuba kama mgongo wa kobe na dohani fupi mbele.

Siku ya kwanza nilipoliwasha, ndege waliokuwa wakipita juu walibadili njia. Msiponiamini, kawaulizeni ndege.

Kuanzia hapo, kila Jumamosi mchana ni piza. Nakanda unga mwenyewe jana yake asubuhi, nausukuma, napaka nyanya, narusha jibini, nachomeka ndani kwa kibao changu cha mpini mrefu. Halafu nafunga mlango wa chuma.

Ule mlango ndio siri yangu. Kwenye boila tulikuwa na amri moja: mlango wa moto haukai wazi. Mwenzangu mmoja aliuacha wazi akichungulia, moto ukamrudia, akatoka pale bila nyusi. Alioa hivyohivyo, bila nyusi. Picha za harusi yake anaonekana ameshangaa mwanzo mpaka mwisho.

Kwa hiyo nafunga. Piza ikiiva naipeleka jikoni, mke wangu ananipokea na maneno yaleyale.

"Nenda kanawe masizi, mzee. Kukata niachie mimi."

Nami naenda. Fundi wa boila hali na masizi. Sabuni ya kipande, brashi, kucha moja moja, mikono hadi viwiko, uso, shingo, masikio. Robo saa kamili. Hiyo ni desturi ya kazi yetu, nitazikwa nayo.

Nikirudi mezani piza imeshakatwa, inatoa mvuke. Ukingo umevimba una madoa meusi kidogo, katikati laini, jibini linavutika kama linataka kuniambia jambo.

Jamani! Piza ile ilikuwa habari nyingine.

Na sifa sasa! Binti yangu kitindamimba, yeye ni muuguzi, hufumba macho akitafuna. Rafiki yangu wa miaka arobaini, Kinyozi, ndiye alikuwa kinara. Kila Jumamosi yupo, na kila Jumamosi anapiga kifua.

"Haki ya nani, Mzee Boila, mkono huu ungekatwa uhifadhiwe."

Nilivimba kichwa mpaka kofia zikawa hazinitoshi.

Sasa turudi asubuhi ile ya Jumamosi. Kuzoa majivu ya tanuri ni kazi ya kitindamimba siku zote, lakini alikuwa ametoka zamu ya usiku, amelala. Nikaona nimsaidie. Ndipo nikakutana na moto usio na mwenyewe.

Mchana tulipokuwa tunakula nikamweleza Kinyozi. Alipaliwa na piza mpaka binti yangu akainuka kumpiga mgongoni.

"Mzee mwenzangu," akasema alipopata pumzi, "watu wa rika letu huanza hivyohivyo. Leo tanuri linajiwasha, kesho unavaa kiatu kimoja unatafuta cha pili mguuni."

Wote wakacheka. Mke wangu alicheka zaidi.

Mtu aliyelala na kuamka na boila miaka thelathini na mitatu haambiwi na kinyozi nini ni moto na nini ni jua.

Isitoshe, nilikuwa na sababu ya kutaka kujua. Jumamosi iliyofuata wazazi wa mchumba wa kitindamimba walikuwa wanakuja kwa mara ya kwanza. Baba alikuwa mwalimu mkuu, mama mpima ardhi, watu wanaokaa wima. Binti yangu alikuwa hali chakula vizuri wiki nzima kwa wasiwasi. Na mimi kwa mdomo wangu nilikuwa nimetangaza kwamba hakuna chungu kitakachobandikwa siku hiyo.

"Wakwe watakula piza ya mkono wangu," nilisema, "au watakula hewa."

Jina langu lote lilikuwa ndani ya lile tanuri. Nisingekubali mtu aniharibie mambo, awe jini, awe jirani.

Nikahesabu kuni. Vipande arobaini. Nikavipanga mwenyewe, vichwa vikitazama ukuta.

Jumanne, arobaini. Alhamisi, arobaini. Ijumaa baada ya chakula cha mchana, arobaini. Basi mwenye moto alikuwa bado hajaja.

Ijumaa saa tisa nikaenda kwa Kinyozi kama kawaida yetu. Ijumaa ni siku ya drafti. Anafunga pazia nusu, anatoa ubao, tunacheza mpaka saa kumi na mbili. Na tukiongea ukweli, nilikuwa namtesa. Miaka miwili sijafungwa. Mara ya mwisho kunifunga, tanuri lilikuwa bado halijajengwa.

Saa kumi kasoro nikainuka katikati ya mchezo. "Nimesahau dawa ya presha. Nakwenda narudi."

Ungeona alivyoruka!

"Uende wapi? Kaa! Mchezo huu bado!"

"Kete zako zimebaki mbili, Kinyozi."

"Basi nakunyoa! Bure! Kesho wakwe, utawapokea na ndevu kama brashi ya choo?"

Kabla sijajibu nilikuwa kwenye kiti, nimefungwa kitambaa shingoni, povu limenifika puani. Akanyoa upande wa kushoto. Polepole. Kila unywele kama anauaga kwa jina. Nikamwona kwenye kioo anatazama saa ya ukutani.

"Zimebaki dakika ishirini na tano tu," akasema.

"Za nini?"

"Za... za upande wa pili."

Ndugu zangu, upande mmoja wa uso haunyolewi dakika ishirini na tano. Labda wa simba.

Niliruka kutoka kwenye kile kiti kwa nguvu ambazo sijazitumia tangu kijana. Nikatoka mlangoni na povu langu, kitambaa kikipepea mgongoni. Fundi cherehani wa kona aliacha kukanyaga mashine.

"Mzee Boila! Nani anakufukuza?"

"Bado sijamjua!" nikajibu, nikazidi kukimbia.

Sikupita getini. Nilizunguka nyuma, nikapanda juu ya pipa la maji, nikachungulia juu ya ukuta.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kimevaa aproni yangu.

Mke wangu alikuwa amesimama mbele ya tanuri. Mlango wa chuma, siri yangu, ulikuwa chini kwenye nyasi, na juu yake amepanga mabakuli ya nyanya na jibini! Mdomo wa tanuri wazi kabisa. Moto ameusogeza pembeni, ndimi zake zinapanda ukutani, zinalamba paa lote na kurudi mbele. Paa jeupe pe, masizi yote yameungua. Akachomeka piza kwa kibao changu. Akaizungusha. Akaizungusha tena.

"Sabini... themanini... tisini!" kitindamimba akahesabu kwenye simu.

Ikatoka imevimba, ina madoa meusi kidogo.

Niliitambua ile piza. Ndiyo niliyokuwa nikiila kila Jumamosi. Ndiyo niliyokuwa nikisifiwa nayo.

Sasa kama ingeishia hapo, labda ningesamehe haraka. Lakini mke wangu akachukua kibao akakiweka begani, akatoa tumbo mbele, akatembea akichechemea kidogo mguu wa kulia. Huo ni mwendo wangu.

"Moto ni elimu, mwanangu!" akasema kwa sauti nzito. "Mlango wa moto haukai wazi!"

Binti yangu, kitindamimba wangu niliyembeba mgongoni, alicheka mpaka akakaa chini.

"Na zake za kesho tunatupa wapi, Mama? Kuku wa jirani wamezigomea."

"Tutafukia palepale kwenye mpapai."

Nikautazama mpapai wangu. Miaka miwili nilikuwa najiuliza kwa nini hauzai.

Nilishuka pipani taratibu. Sikupiga kelele. Kuna maumivu yanayokuja na kelele, na kuna yale yanayokuja na kimya. Haya yalikuwa ya kimya. Nilikumbuka sifa moja moja, kila jicho lililofumbwa, kila kifua kilichopigwa. Nikajiona nimekaa mezani nimevimba kama ukingo wa piza, nao wananitazama.

Kwa Kinyozi sikurudi. Kwa hiyo niliingia nyumbani jioni ile na ndevu nusu.

Mke wangu alinitazama shavu la kushoto. Akanitazama shavu la kulia. Kwenye simu yake, niliiona juu ya meza, kulikuwa na simu kumi na moja za Kinyozi ambazo hazikupokelewa.

"Kinyozi aliishiwa wembe?" akauliza.

"Aliishiwa muda," nikasema.

Alijua kwamba najua, na mimi nilijua kwamba anajua. Tukalala kama mafiga mawili yasiyo na chungu.

Jumamosi wakwe wakaja. Mwalimu mkuu aliniona uso nusu, akameza mate, akanisalimia upande ulionyolewa. Kinyozi naye alikuja, akakaa mwisho wa meza, hakunitazama. Kitindamimba alikuwa amevaa gauni la njano, anapanga na kupangua vijiko.

Nikawasha tanuri langu kwa namna yangu. Nikachomeka piza. Nikafunga mlango wa chuma kwa kishindo wote wasikie.

Ilipotoka nikaipeleka mpaka mlango wa jikoni. Mke wangu alisimama pale.

"Nenda kanawe masizi, mzee," akasema. Lakini sauti yake ilikuwa ndogo. "Kukata niachie mimi."

"Leo sinawi."

Nikampita. Mikono myeusi, ndevu nusu, nikaiweka piza katikati ya meza mbele ya wakwe, nikaikata mwenyewe, nikagawa. Kipande kwa mwalimu mkuu. Kipande kwa mama mpima ardhi. Kipande kikubwa kuliko vyote kwa Kinyozi.

"Karibuni," nikasema. "Hii ndiyo piza yangu. Wenyeji watawaambia jinsi wanavyoipenda."

Halafu nami nikauma.

Ndugu zangu. Mara ya mwisho kuionja piza yangu ilikuwa ile ya kwanza kabisa, na siku hiyo pua yangu ilikuwa bado imeziba masizi ya miaka thelathini na mitatu. Lakini miaka miwili ya piza ya mke wangu ilikuwa imenifunza ulimi. Ile niliyoipika ilikuwa na ladha ya soksi iliyokaushwa juu ya bomba la mvuke. Chini imeungua, juu mbichi, katikati ni moshi mtupu.

Meno tu yanasikika, yanafanya kazi ngumu.

Mama mpima ardhi akajikaza, machozi yakimlenga. "Ni... ni tamu sana, mkwe."

"Hata wewe!" nikasimama. "Jamani, hata mgeni! Miaka miwili nyumba hii inanipiga changa la macho! Nikienda kunawa, yangu inafukiwa, yake ya jana inapashwa na kupakuliwa! Mke wangu! Damu yangu! Na wewe, Kinyozi, kazi yako ilikuwa kunishikilia Ijumaa wenzako wapike?"

Kinyozi akatazama sahani yake.

Hapo wazo likanijia. "Na drafti?"

Akasogeza sahani.

"Kinyozi. Na drafti?"

"Ungefungwa ungeondoka mapema," akasema kwa sauti ya mtu aliye kisimani. "Wewe ukifungwa huwa unasusa."

"Zote?"

"Si zote. Ile siku nilikuwa na homa, ulinifunga kweli."

Nikakaa. Piza nisingeililia, ndugu zangu. Ila zile drafti nilikuwa nimezisimulia mpaka benki siku ya kuchukua pensheni.

Ndipo nikamwona kitindamimba. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama sahani ya mama mkwe wake, ile piza nyeusi yenye alama za meno, na kidevu chake kinatetemeka. Nilitaka kuwaaibisha walionisaliti, na nilikuwa naichoma siku yake.

Mke wangu akaweka kiganja mezani.

"Mbuzi," akasema.

Neno hilo moja tu.

"Mbuzi gani?" nikauliza, ingawa jasho lilikuwa limeshaanza.

"Mbuzi wa bawabu wa hospitali. Aliyekuwa akifungwa nyuma ya chumba cha boila."

Itabidi niwaambie, sina pa kukimbilia. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu mke wangu alikuwa hajui kupika. Maharage yake yaligonga sahani kama changarawe. Mimi nikawa nasema, "Matamu haya! Nifungie na ya kazini." Akafurahi, akafunga mara mbili. Na mimi nikafika kazini nikampa mbuzi. Mwaka mzima. Yule mbuzi alinenepa mpaka bawabu akadhani ana mimba. Alikuwa dume.

"Siku moja ulisahau kijiko," mke wangu akaendelea. "Nikakuletea. Nikakukuta umechuchumaa unamwambia mbuzi, 'Kula taratibu, asije akajua.'"

"Uliniona?"

"Nilikuona. Na kijiko nikarudi nacho."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Miaka thelathini na minne! Mwanamke huyu alikuwa na kijiko changu moyoni miaka thelathini na minne, na hajawahi kukidondosha.

"Nililia njia nzima," akasema. "Nikajifunza kupika. Piza yako ilipotoka nyeusi ile mara ya kwanza, nikasema nikwambie. Halafu nikaona ulivyosimama karibu na hilo tanuri, umenyooka kama ulivyokuwa kazini. Nikamkumbuka mbuzi."

Mwalimu mkuu alikuwa bado na tonge lake shavuni, lile la kwanza, haliendi mbele wala nyuma. Akainua kidole kama mwanafunzi.

"Samahani, wakwe," akasema. "Kama kuna mbuzi karibu, naomba aitwe."

Meza ililipuka! Mama mpima ardhi alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye nyanya. Kitindamimba alicheka na kulia kwa pamoja. Mke wangu akaleta piza zake zilizokuwa jikoni chini ya kitambaa, tukala, na wakwe wakaondoka jioni wakiwa wameshachagua mwezi wa harusi.

Mimi pia nilicheka. Lakini nitawaambia ukweli, kwa kuwa leo ndiyo siku yake: kicheko kilifika kooni, hakikushuka. Kuhurumiwa miaka miwili bila kujua si kitu kinachotoka kwa sabuni ya kipande.

Siku hizi ule mlango wa chuma mke wangu anaanikia pilipili. Tanuri napika mdomo wazi, yeye yuko pembeni anahesabu. Nimeshaunguza nyusi ya kulia. Ukiweka na zile ndevu nusu alizoniachia Kinyozi, mtaa mzima unajua historia yangu kwa kunitazama usoni.

Na Ijumaa nikarudi kwenye drafti. "Sasa cheza kweli," nikamwambia Kinyozi. Akacheza kweli. Kumi na moja kwa bila.

Jana Ijumaa nimemfunga mara moja. Nikamtazama usoni muda mrefu sana, naye akanitazama. Akakunja ubao. Mpaka saa hii sijui kama ni kweli au amenionea huruma, na sina pa kwenda kuuliza.

Hiyo ndiyo hasara ya uongo mtamu, ndugu zangu. Ukishaugundua, hata ukweli ukija unaukagua mifukoni.

Kwa hiyo ukiona unasifiwa mno nyumbani kwako, usivimbe kichwa kwanza.

Kahesabu kuni.